Kipapatio cha Kuku: Kukichagua, Kukipika na Kukila

(Somo hili lilisomwa katika radio kwa ajili ya madarasa ya kisomo cha watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi walisome tena polepole, pamoja na mwalimu wao.)

Hamjambo ninyi mlioketi chini ya mwembe, na ninyi mlioketi katika madawati ya watoto baada ya watoto kwenda nyumbani? Nawasalimu nyote, tangu Mikindani na Msangamkuu mpaka Msimbati, Mahurunga na Kilambo, kule mto wa Ruvuma unakokaribia bahari.

Leo tutasoma neno moja, kisha tutazungumza juu ya kitu chenyewe. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni:

KIPAPATIO
ki – pa – pa – ti – o

Someni pamoja. Tena. Vema. Hesabuni silabi zake. Ni tano. Silabi ya pili na ya tatu ni moja: pa, pa. Neno hili ni ndugu wa neno kupapatika. Mmemwona kuku anapokamatwa? Hupiga mabawa yake pa-pa-pa-pa. Huko ndiko kupapatika. Kuku akiwa hai, twasema ana mabawa. Akiisha kuingia jikoni, bawa lake twaliita kipapatio. Kikiwa kimoja ni kipapatio, vikiwa viwili ni vipapatio.

Labda mtu mmoja atasema, "Mwalimu, jambo la kuku wa kuliwa nalo lataka somo?" Naam, lataka. Nami nitawaambieni kwa nini.

Nilipoanza kazi ya elimu katika mkoa huu nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na diploma yangu. Siku moja nilikwenda kutazama darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha bonde la Ruvuma, upande wa Mahurunga. Kazi ilipokwisha, bibi mmoja, mwanafunzi wa darasa lile, alinikaribisha chakula nyumbani kwake. Tuliketi mkekani watu kumi. Likaja sinia la ugali wa muhogo, na bakuli la kuku aliyepikwa kwa tui la nazi. Bibi akagawa nyama kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nikapewa kipapatio.

Nawaambieni kweli, nilikasirika moyoni. Nilijiona mgeni wa serikali, nami nimezoea kuona mgeni akipewa paja au kidari. Nikanyofoa nyama kidogo ya juu, kisha nikakiweka kile kipapatio pembeni ya sinia. Mjukuu wa yule bibi, mtoto wa miaka saba hivi, akakitazama sana. Akaniuliza, "Mwalimu, umeshiba?" Nikamjibu, "Nimeshiba, nimekwisha kula." Akacheka. Akasema, "Hujala, mwalimu. Nyama yote imebaki ndani." Akakichukua, akakikunja mpaka kiungo kikaachana, akavuta mfupa mmoja mwembamba ukatoka, akala. Alipomaliza, mifupa ilikuwa myeupe kama meno yake.

Wakati wa kuagana nikamshukuru bibi kwa chakula. Hapo ndipo nilipojua habari yenyewe. Mwezi mmoja nyuma alikuwa na kuku 11. Ugonjwa wa mdondo ukaingia kijijini, ukaua 10. Aliyebaki ni mmoja, naye ndiye tuliyemla. Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, kuku ana vipapatio viwili. Kimoja huwa cha mtoto huyu, na kimoja huwa changu, maana ndicho nikipendacho. Leo changu nilikupa wewe."

Nilirudi Mtwara mjini nimenyamaza kimya. Somo la leo limetokana na siku ile.

KIPAPATIO KIMEJENGWAJE?

Sasa fanyeni kama nitakavyosema. Nyosheni mkono wenu wa kushoto. Kwa mkono wa kulia gusa bega lako, kisha shuka mpaka kiwiko. Hapo katikati kuna mfupa mmoja mnene. Sasa toka kiwikoni ushuke mpaka kwenye kifundo cha mkono. Bonyeza vizuri. Hapo kuna mifupa miwili inayokwenda sambamba. Baada ya kifundo ni kiganja na vidole.

Bawa la kuku limejengwa vivyo hivyo. Lina bega, lina kiwiko, lina kifundo. Kwa hiyo kipapatio kina vipande vitatu.

Kipande cha kwanza ni toka begani mpaka kiwikoni. Kina mfupa mmoja na nyama nyingi upande wa juu. Mtu aweza kudhani ni paja dogo.

Kipande cha pili ni toka kiwikoni mpaka kwenye kifundo. Ni bapa, nacho kina mifupa miwili: mmoja mnene, mmoja mwembamba. Katikati ya mifupa hiyo mna nyama laini kuliko zote katika kipapatio. Hiyo ndiyo nyama niliyoiacha mimi siku ile, kwa kutojua.

Kipande cha tatu ni ncha. Hapo hapana nyama, ila ngozi na mfupa na gegedu. Lakini msiitupe ncha. Itieni katika sufuria ya supu, maana hutoa ladha nzuri.

Kwa nini kipapatio ni kitamu? Sababu yake ni hii. Kidari kina nyama tele, lakini ngozi na mafuta ni kidogo. Moto ukizidi, nyama ya kidari hukauka upesi ikawa kama kamba. Kipapatio kina nyama kidogo, lakini kimezungukwa na ngozi pande zote. Chini ya ngozi mna mafuta. Kikipata moto, mafuta yale huyeyuka na kuipaka nyama, isikauke. Tena viungoni mna gegedu na kano. Hivyo vikipikwa polepole hulainika na kuufanya mchuzi unate midomoni. Ndiyo maana mpishi mzuri hana haraka na kipapatio.

Si sisi peke yetu tuliojifunza jambo hili. Zamani wapishi wengi wa Marekani walikuwa hawakithamini kipapatio. Walikitia katika supu tu. Husimuliwa kwamba mwaka 1964, mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, mama mmoja jina lake Teressa Bellissimo, mwenye mkahawa katika mji wa Buffalo, alivikaanga vipapatio, akavipaka siagi na mchuzi wa pilipili kali, akawapa vijana waliokuja usiku na njaa. Chakula kile kikaenea nchi nzima ya Marekani, na leo huliwa katika miji mingi ya dunia. Kitu kilichoonwa hakifai, kikapata bei. Bibi yangu wa Ruvuma hakuhitaji kuambiwa na Buffalo.

KUKU MZURI HUTOKA WAPI?

Kipapatio kizuri hakianzi jikoni. Huanza bandani na uani.

Kuna kuku wa aina mbili katika masoko yetu. Wa kwanza ni kuku wa kisasa wa nyama, anayefugwa ndani na kulishwa chakula cha kununua. Huyu huchinjwa akiwa na majuma matano au sita hivi. Nyama yake ni laini na huiva upesi. Wa pili ni kuku wa kienyeji. Huyu hutembea kutwa nzima, hupekua taka, hula wadudu na punje, na jioni huruka kwenda kulala juu. Hukaa miezi mingi kabla ya kuliwa. Kwa sababu hutumia mwili wake, nyama yake ni ngumu zaidi, lakini ladha yake ni kubwa. Kila mmoja ana mapishi yake, na mpishi asiyejua tofauti hii huharibu wote wawili.

Ukitaka kuchoma, chagua pora, yaani jogoo kijana. Ukiwa na kuku koo mzee au jogoo mzee, usimchome mbichi. Mchemshe kwanza, tena kwa muda mrefu.

Kisha mtazame kuku mwenyewe kabla hajachinjwa. Kuku mzima ana macho maangavu. Manyoya yake yamelala. Mabawa yake ameyabana mbavuni. Kuku aliyezubaa na kusimamisha manyoya, na kuyaacha mabawa yaning'inie mpaka chini, ni mgonjwa. Tazameni: bawa lile lile tulitakalo jikoni ndilo litoalo habari ya afya ya kuku.

Ugonjwa tunaouogopa sana ni mdondo. Wengine huuita kideri. Wataalamu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulichunguzwa mwaka 1926. Huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kuku mwenye mdondo huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, mabawa hulegea, na pengine shingo hupinda. Ugonjwa ukiingia katika kijiji ambacho kuku hawakuchanjwa, waweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Hapana dawa ya kumponya kuku aliyekwisha kuugua. Mwarobaini hauponyi, wala pilipili, wala majivu.

Lakini kuna chanjo ya kuzuia. Chanjo inayotumika sana vijijini huitwa I-2. Hutengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha katika mkoa wa Pwani, na Wakala ya Maabara ya Veterinari. Hustahimili joto kuliko chanjo nyingine, na kwa hiyo yafaa kwa vijiji visivyo na majokofu. Hata hivyo isiachwe juani. Ichukuliwe katika kitambaa chenye maji na kuwekwa kivulini.

Namna ya kuitia ni rahisi. Mtu mmoja amshike kuku kwa upole na kumlaza ubavu. Mwenzake adondoshe tone moja katika jicho moja. Tone moja, jicho moja, basi. Ngoja kuku apepese jicho, kisha umwache aende. Vifaranga nao hupewa tone moja. Baada ya miezi minne, rudieni. Msingoje mpaka kuku wa jirani waanze kufa. Chanjo huchukua majuma kadha kumpa kuku nguvu, nao mdondo hupenda kutokea wakati wa kiangazi. Chanjeni mapema, tena kijiji chote kwa siku moja, maana kuku wa jirani na kuku wako hula jalala moja. Mwulizeni afisa mifugo wa kata yenu siku na bei.

Na kuku aliyekufa mwenyewe, afanyweje? Najua mnavyofikiri. Mtu mwenye kuku 10 waliokufa huona uchungu kuwatupa wote. Lakini hujui aliyekufa ameuawa na mdondo, au na ugonjwa mwingine, au na sumu. Tena ukimnyonyoa na kuyatupa matumbo na manyoya uani, au ukimpelekea shemeji yako kijiji cha pili, umemchukua mdondo kwa mkono wako na kumpeleka safari. Kuku aliyekufa na azikwe shimo refu, au achomwe moto.

MAPISHI

Sasa twende jikoni. Kuku achinjwe na mtu ambaye chakula chake kitakubaliwa na wote watakaokula. Anyonyolewe kwa maji ya moto, kisha ababuliwe juu ya moto ili vinyoya vidogo viungue. Katika vipapatio ndimo vinyoya vidogo hujificha. Tazama kwapani na nchani.

Kukata: usikate mfupa. Mfupa uliopasuliwa hutoa vibanzi, na vibanzi huchoma koo. Kunjua bawa, tafuta kiungo kwa kidole kama ulivyogusa kiwiko chako sasa hivi, kisha pitisha kisu katikati ya kiungo. Kisu kitapita bila nguvu. Ukiona unatumia nguvu, umekosa mahali.

Ukiosha nyama mbichi, maji yake yasirukie bakuli la kachumbari wala vyombo vingine. Nyama mbichi ya kuku huwa na vijidudu viletavyo kuhara. Osha kisu, ubao na mikono yako kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine.

Kwa vipapatio vya kuku mmoja au wawili na vipande vingine vya nyama, twanga kinuni kitunguu saumu na kipande cha tangawizi, pamoja na chumvi. Kamulia ndimu. Paka nyama yote, uiache kivulini muda wa kukuna nazi. Isikae sana, maana joto la pwani huharibu nyama upesi.

Kuku wa kienyeji mchemshe katika maji kidogo, sufuria imefunikwa, moto wa polepole. Pora aweza kuiva kwa saa moja. Kuku mzee aweza kutaka saa mbili. Usiongeze moto kwa kufikiri ataiva upesi. Moto mkali hukaza nyama. Kuku wa kisasa hataki hayo. Nusu saa yatosha, akizidi atasambaratika.

Wakati nyama ikichemka, kuna nazi kwa mbuzi, kamua tui la kwanza uliweke kando, kisha kamua tui la pili. Tui la pili, lililo jepesi, litie katika nyama iliyokwisha kulainika, pamoja na nyanya, kitunguu na bizari. Mchuzi ukipungua, tia tui la kwanza, lililo zito. Hapo koroga pasipo kuacha na usifunike, lisije likakatika. Onja chumvi. Epua.

Wapendao vya kuchoma watafanya hivi. Vitoe vipapatio vilivyochemshwa, vipange juu ya wavu wa jiko la makaa. Makaa yawe yamekwisha kuwaka na kufunikwa na majivu meupe, yasiwe na miali. Vifuu vya nazi hutoa makaa mazuri. Chovya kijiti chenye kitambaa safi katika tui zito lenye pilipili na ndimu, upake upande mmoja. Geuza. Paka upande wa pili. Fanya hivyo mara tatu au nne, mpaka ngozi iwe ya rangi ya hudhurungi na kuanza kuvunjika kwa sauti. Usipake tui moto ukiwa mkali. Litaungua na kuwa chungu kabla ya ngozi kukauka.

Utajuaje kama kipapatio kimeiva? Shika ncha yake, uizungushe. Kiungo kikizunguka bila ubishi, na maji yatokayo yakiwa meupe yasiyo na damu, kimeiva. Ukiona wekundu karibu na mfupa na maji yenye damu, rudisha motoni. Usione haya mbele ya wageni. Haya ya nusu saa ni nafuu kuliko tumbo la siku tatu.

NAMNA YA KUKILA

Kipapatio hakiliwi kwa uma na kisu. Huliwa kwa mkono, na kwa hiyo mkono uwe safi. Birika na karai vizunguke, na sabuni iwepo. Maji yamiminwe juu ya mikono. Watu kumi kunawa katika bakuli moja si kunawa. Ni kugawana uchafu. Wazee wetu wengi wanakumbuka mafunzo ya radio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Neno la sabuni lilisemwa wakati ule, na leo ni la kweli vile vile.

Kwanza kikunje kipapatio kinyume cha kiungo, vipande viachane. Anza na kipande cha kwanza. Kishike nchani, ung'ate nyama kwa kuzunguka mfupa.

Kisha chukua kipande cha pili, kile bapa. Shika ncha za mifupa yote miwili. Zungusha ule mfupa mwembamba polepole, uuvute. Ukiwa kuku ameiva, utatoka mtupu. Sasa umebaki na mfupa mmoja, na nyama yote imekuwa tonge moja. Hivi ndivyo alivyonifundisha yule mtoto.

Tafuna gegedu ukiwa na meno mazuri. Fyonza kiungo, hapana aibu. Lakini usiumeze mfupa wala kuuvunja kwa meno. Mifupa iwekwe mahali pamoja, isitupwe mkekani.

Mtoto mdogo asipewe kipapatio na mifupa yake, akaachwa peke yake. Mfupa ule mwembamba waweza kumkaba. Mnyofolee nyama, ichanwe nyuzinyuzi, ichanganywe na mchuzi katika uji au ugali wake laini.

NI CHA NANI?

Hapa nafika kwenye neno ambalo sikulijua siku ile mkekani.

Nyumba nyingi zetu zina desturi ya kugawa kuku kwa cheo. Firigisi ni ya baba. Mapaja ni ya wageni na wanaume. Shingo, miguu na vipapatio ni vya watoto na wanawake, au hawapati kitu ila mchuzi. Sisemi desturi ya heshima itupwe. Baba apewe firigisi yake, na mgeni akaribishwe vizuri. Lakini tuulize: mwili upi katika nyumba hii unajengwa sasa? Ni mwili wa mtoto, na mwili wa mama mjamzito au anyonyeshaye. Mwili wa baba umekwisha kujengwa zamani.

Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, watoto 30 hivi wamedumaa. Kudumaa maana yake ni kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Sababu zake ni nyingi, lakini moja ni kula muhogo au mahindi siku zote pasipo nyama, samaki, yai, maziwa au kunde za kutosha. Sisi wa pwani ya Mtwara tuna samaki, tuna kunde, tuna mbaazi, tuna korosho, na tuna kuku. Mara nyingi chakula kipo, ila hakimfikii mdogo.

Basi, kipapatio kiendelee kuwa cha mtoto, lakini kwa sababu anakipenda, wala si kwa sababu hapana kilichobaki. Na pamoja nacho aongezwe kipande cha nyama ya kweli. Mama mjamzito naye apewe kidari au paja. Na mgeni akipewa kipapatio asinune kama nilivyonuna mimi. Yawezekana ndicho kilichopendwa kuliko vyote katika bakuli lile.

Nilirudi kwa yule bibi msimu uliofuata. Jirani zake walikuwa wamechanga fedha za chanjo, na yeye alikuwa ameanza tena na mitetea miwili aliyopewa na dada yake. Safari ile hakuchinja kuku. Tulikula samaki. Lakini katika daftari lake la kisomo alikuwa ameandika tarehe tatu, kila moja miezi minne baada ya mwenzake. Zilikuwa ni tarehe za matone. Alinisomea moja moja kwa kidole chake, wala hakukosea hata moja.

HESABU

1. Mama ana kuku 12. Kila kuku ana vipapatio 2. Vipapatio vyote ni vingapi?
2. Kila kuku hupewa tone 1 la chanjo kila mara, na kwa mwaka huchanjwa mara 3. Kuku 12 wahitaji matone mangapi kwa mwaka?
3. Bibi alikuwa na kuku 11. Mdondo uliua 10. Walibaki wangapi?

MASWALI

1. Kipande cha pili cha kipapatio kina mifupa mingapi?
2. Kwa nini kipapatio hakikauki upesi kama kidari?
3. Taja dalili tatu za ugonjwa wa mdondo.
4. Kwa nini yafaa kijiji kizima kichanje kuku siku moja?
5. Katika nyumba yako, nani hupewa nyama kwanza, na nani mwisho? Zungumzeni jambo hili darasani.

Mwalimu wa darasa, waache wanafunzi wajibu kwanza kwa mdomo, kisha waandike. Asiyeweza kuandika jibu zima na aandike neno moja: kipapatio.

Juma lijalo tutasoma habari za yai. Mpaka wakati huo, chungulieni mabanda yenu jioni ya leo, mkatazame mabawa ya kuku wenu kama yamebanwa mbavuni au yanalegea. Kwaherini, ndugu wanafunzi.